Ishara ya Thelathini na Moja

Hapo zamani, si za kale sana maana wahusika wote wangali kazini, palikuwa na nchi ambayo jina lake sitalitaja, kwa kuwa linabadilishwa mwezi ujao na sitaki kuonekana nimepitwa na wakati. Katika nchi hiyo hapakuwa na mhitimu hata mmoja wa usimamizi wa jukwaa aliyekosa kazi. Wahandisi walikaa vijiweni, madaktari waliuza maandazi, lakini sisi tuliojifunza kupanga viti, kuwasha taa na kumwambia mwigizaji "sasa ingia" tulifuatwa na gari la Serikali siku ile ile ya mahafali, kabla hatujavua majoho.

Kumbi za maonyesho zenyewe zilikuwa zimefungwa. Iligunduliwa kwamba mwananchi akizoea kwenda kutazama mchezo, hurudi nyumbani akiwa hodari wa kuutambua mchezo popote aendapo, na jambo hilo lingeweza kuleta usumbufu. Jengo la ukumbi wa taifa likapewa Wizara ya Matukio ya Ghafla. Wizara hiyo hutoa kila Novemba kalenda ya matukio yote ya ghafla ya mwaka unaofuata, ili watu wapate muda wa kujiandaa kushangaa.

Wenzangu wamefika mbali, nami nawaonea fahari. Melkizedeki, aliyekuwa akisinzia darasani, sasa anasimamia Bunge. Yeye ndiye anayewasha taa ya vicheko na taa ya kugonga meza, na umeme ukikatika waheshimiwa hukaa wakitazamana mpaka mafundi waje. Salume anasimamia misiba ya kitaifa. Ana vikosi viwili vya waliaji, kimoja cha machozi na kimoja cha kuzimia, na haviruhusiwi kuazimana watu. Yupo mwingine anayesimamia mvua za siku ya kupanda miti, akisaidiana na zimamoto.

Mimi, Nuruana, nilianzia kwenye uzinduzi wa hospitali. Tulikuwa na hospitali moja nzuri ya plaiwudi, nyeupe, yenye vitanda arobaini, ambayo Mlezi Mkuu wa Taifa aliizindua katika wilaya kumi na moja. Wagonjwa walikuwa wahitimu wa uigizaji, na walipona taa ya kijani ilipowaka. Mara moja tu mama mmoja mgonjwa kwelikweli alipenya akajilaza kitanda cha saba. Taa ya kijani ikawaka, wenzake wakainuka wakiimba, yeye akabaki amelala. Ripoti ilimwandika kuwa mwigizaji asiye na nidhamu, akatolewa, na sikuambiwa alipelekwa wapi.

Nieleze kidogo tunavyofanya kazi, maana hapo ndipo balaa langu lilipo. Msimamizi wa jukwaa hukaa kwenye kibanda na kitabu mbele yake. Katika kitabu hicho kila jambo litakalotokea lina nambari, na kila nambari tunaiita ishara. Nikiwasha taa nyekundu, mhusika anakaa tayari. Nikibonyeza ya kijani, anafanya. Bila kijani hafanyi. Mwalimu wetu, marehemu Bi. Mwanahija, alikuwa akitupiga kwa rula huku akisema, "Asiyepewa ishara haingii, hata nyumba ikiungua!" Wapo waliohitimu kwa alama za juu kwa sababu nyumba iliungua kweli nao hawakuingia.

Kanuni yake ya pili ilihusu silaha. Silaha yoyote itakayopanda jukwaani, hata upanga wa mbao, lazima msimamizi aikague mwenyewe, kisha awaonyeshe waigizaji wote kwamba ni salama. Kanuni hiyo ndiyo iliyoninyima usingizi.

*

Mwaka ule upendo wa wananchi kwa Mlezi Mkuu ulikuwa umefikia asilimia mia moja na tatu, na wataalamu waliogopa usije ukaanza kushuka. Katibu Mkuu wa Wizara, Bwana Mtunguja, akaniita ofisini. Alikuwa mtu mnene wa kauli laini, na hakuwahi kuanza sentensi asiyojua itaishia wapi.

"Bi. Nuruana," alisema, "Taifa limekutazama, likakuona, likakuchagua. Katika kalenda ya mwaka huu tumeweka tukio nyeti, Jaribio la Kumuua Mlezi Mkuu. Litashindwa. Litashindwa vibaya, kwa namna ambayo kila mwananchi atalia, atashukuru, kisha atakwenda nyumbani kwa utulivu. Wewe ndiwe utakayeongoza kushindwa huko."

Nikamshukuru. Mtu akiambiwa maneno kama hayo na Katibu Mkuu hushukuru kwanza, ndipo atafute pa kukaa.

Akanikabidhi kitabu. Mlezi atahutubia uwanjani, na akifika kwenye maneno "Hata leo wakinielekezea mtutu, sitarudi nyuma", ishara ya thelathini italeta mlio wa risasi kwenye spika na Mlezi ataanguka kwa heshima. Ishara ya thelathini na moja itamtoa muuaji nyuma ya maua akiwa na bastola, na hapo walinzi wanne watafyatua. Muuaji aanguke. Mlezi ainuke bila jeraha. Vilio, nyimbo. Ishara ya arobaini, makofi, wote wainame mbele ya hadhira kwa shukrani, tamati.

"Na nani ataigiza muuaji?" niliuliza.

"Kijana mmoja mwenye kipaji, aliyepuuzwa muda mrefu." Akatazama karatasi. "Tumsifu. Nadhani mnafahamiana."

Tunafahamiana. Ni mdogo wangu wa tumbo moja. Mama alipofariki yeye alikuwa darasa la tatu, nikamlea kwa uji na kwa viboko vichache, nikamsomesha, na nilipoona anapenda kuigiza nikamwambia asome uhasibu. Hakusikia. Kwa miaka sita baada ya kuhitimu alikuwa Mwananchi Mwenye Furaha Nambari Tisa, na kazi yake ilikuwa kupunga bendera upande wa kushoto.

Nilimkuta nyumbani anafanya mazoezi ya kufa sebuleni, ameshasogeza meza.

"Dada Nuru, umesikia? Nina maneno mawili mazima! 'Kufa, Mlezi!' Miaka yote hii nilikuwa sina hata moja."

"Nimesikia, mdogo wangu. Hongera."

"Nifie upande upi? Kulia kuna kamera."

*

Nilianza kuogopa Jumanne, wakati wa kukagua vifaa. Bastola ya Tumsifu ilikuwa ya mti, imepakwa rangi vizuri. Niliinusa, nikaigonga, nikaweka alama ya tiki. Kisha nikamwendea mkuu wa walinzi, Kanali Chikwindi, ambaye katika mchezo alikuwa ameandikiwa kumrukia Mlezi na kumfunika kwa mwili wake.

"Afande, naomba nizikague zile bunduki nne za vijana wako. Nataka kuhakikisha zina baruti tupu, bila risasi."

Kanali akanitazama kwa upole, na upole wake ndio uliotisha. "Hizo si vifaa vya jukwaani, mama. Hizo ni vifaa vya Serikali."

"Lakini zinapanda jukwaani."

"Serikali haipandi jukwaani," alisema. "Jukwaa ndilo linalopanda Serikalini."

Nikaandika maneno hayo kwenye daftari maana yalionekana ya hekima. Nikarudi kibandani kupitia orodha. Maleba, sare za walinzi, mbili mbili. Shati jeupe la Mlezi, matatu, moja likichafuka. Shati la muuaji, moja. Nikadhani ni uchache wa kitambaa. Nikafungua orodha ya kuinama mwishoni, ambayo huorodhesha kila mtu, hata mfagizi. Mlezi, Kanali, walinzi, waliaji, wauza karanga wa uongo. Jina la Tumsifu halikuwamo. Nikafungua orodha ya usafiri. Kwenda uwanjani, watu mia mbili na kumi na wawili. Kurudi, mia mbili na kumi na mmoja.

Nikaenda kwa Bwana Mtunguja nikijifanya mjinga, kazi ambayo wizarani kwetu haihitaji mafunzo.

"Mheshimiwa, naona kuna mtu mmoja amesahaulika kwenye basi la kurudi."

Alivua miwani, akaifuta, akairudisha. "Bi. Nuruana, orodha zote zimehakikiwa. Wizara hii haisahau mtu." Kisha akaniuliza watoto hawajambo. Sina watoto, naye anajua.

Nikajikokota hadi nyumbani. Nilimweleza Tumsifu kila kitu kwa sauti ya chini, bomba la maji likiwa wazi ili majirani wasisikie. Alinisikiliza huku akitabasamu kama mtu anayesikiliza hotuba.

"Dada, wewe una wivu."

"Tumsi! Watakuua!"

"Ndiyo, nitakufa. Ndiyo nafasi yenyewe. Hata maziko yamepangwa, ya kuzomewa, na Salume ndiye msimamizi. Nimeomba niruhusiwe kutazama nikiwa nimejifunika khanga. Wamesema watafikiria."

"Risasi ni za moto, mdogo wangu. Nimekatazwa kuzikagua."

"Umekatazwa kwa sababu unapenda kushikashika vitu vya watu." Akanishika bega. "Miaka sita napunga bendera, dada. Niache nife mara moja tu, watu wanione."

Nililia, akadhani nalia kwa sababu alikuwa ameigiza vizuri. Kukataa nafasi uliyopewa na Wizara ni kosa la kukwepa wito, na hao waliokwepa hawajawahi kuigiza tena chochote. Kwa hiyo hakukuwa na pa kukimbilia.

*

Siku yenyewe ilikuwa Alhamisi, saa nne asubuhi, jua kali na upepo kidogo. Uwanja ulijaa umma uliochaguliwa kwa makini, wote wamehitimu. Tumsifu alikuwa nyuma ya maua, niliona kisogo chake, alikuwa amenyoa. Walinzi wanne walisimama juu ya misalaba yao ya chaki, iliyochorwa kumwonyesha kila mtu mahali pake. Kanali juu ya msalaba wake. Mimi kibandani, taa nyekundu zote zinawaka, na kidole changu juu ya kitufe cha kijani.

Mlezi Mkuu alihutubia vizuri. Alieleza jinsi alivyolileta jua nchini na jinsi maadui walivyojaribu kulirudisha. Kisha akaifikia sentensi.

"Hata leo wakinielekezea mtutu, sitarudi nyuma!"

Sikubonyeza.

Mlezi akasubiri. Akakohoa. "Nasema, hata leo! Wakinielekezea mtutu! Sitarudi nyuma!"

Redio koli ikakwaruza. Alikuwa Kanali, anaongea bila kufungua midomo. "Nuruana. Ishara."

"Haijaiva, afande," nilisema. Sijui neno hilo lilitoka wapi. Sauti yangu ilikuwa ya mtu mwingine.

"Bonyeza. Nakuja huko juu."

"Huna ishara ya kuja huku, afande."

Nilimwona akitazama chini, kwenye msalaba wake wa chaki, na mguu wake wa kulia ukatetemeka lakini haukunyanyuka. Naye alikuwa amesoma kwa Bi. Mwanahija.

Mlezi Mkuu akaendelea kuhutubia. Hakuwa na la kufanya, karatasi zilikuwa zimeisha na mwisho wa hotuba ulikuwa risasi. Alitaja mitutu ya kila aina. Alieleza utoto wake. Alieleza faida za mihogo. Kila baada ya dakika tano alirudi kwenye sentensi ile na kuisema kwa nguvu zaidi, akinitazama. Saa tano ikapita. Saa sita. Umma haukupiga makofi wala hakuna aliyekwenda haja, maana taa zao zilikuwa nyekundu. Mimi mwenyewe nilijikojolea, na sioni aibu kulisema.

Saa saba kasoro Mlezi alikuwa hana sauti. Alishika kifua, akanong'ona "Nimepigwa," akajilaza taratibu juu ya zulia.

Uwanja mzima ukanigeukia. Walinzi walinitazama. Madaktari wa uongo na machela yao walinitazama. Tumsifu aligeuza shingo nyuma ya maua, akanikazia macho, akiomba. Taifa lilisimama likisubiri mtu mmoja aliyelowa, na sijawahi kuogopa namna ile. Nikafungua kitabu, nikapita ukurasa wa ishara ya thelathini, nikapita wa thelathini na moja, nikavipita vilio na nyimbo. Nikabonyeza ishara ya arobaini.

Makofi yakalipuka. Walinzi wakaweka bunduki mgongoni, wakashikana mikono, wakainama. Kanali akainama. Tumsifu akatoka na bastola yake ya mti, akaona watu wanapiga makofi, akainama mara tatu. Mlezi Mkuu alifungua jicho moja pale chini. Alikuwa mtu asiyeweza kuyasikia makofi akabaki amelala. Akainuka, akamshika mdogo wangu mkono, nao wakainama pamoja.

*

Siku tatu nilikaa nyumbani na begi mlangoni, nasikiliza kila gari. Siku ya nne redio ikasoma tamko.

"Wananchi," lilisema, "jaribio la kumuua Mlezi Mkuu limeshindwa kabisa, kiasi kwamba halikutokea. Historia haijaona ushindi wa aina hii. Muuaji, alipousikia uzito wa hotuba, aliingiwa na uzalendo, akainama. Kwa hiyo Alhamisi hiyo itakuwa sikukuu, na tukio litarudiwa kila mwaka, pale pale, na wahusika wale wale, bila kubadilisha hata nukta."

Nilipandishwa cheo. Tumsifu akawa mashuhuri, Muuaji Aliyeghairi. Wanawake wanampa watoto awabebe. Hotuba nayo imerefushwa rasmi, pamoja na mihogo.

Lakini kitabu hakikuguswa. Kufuta ishara ya thelathini na moja kungekuwa kukiri kwamba iliwahi kuwepo kwa nia fulani, na Serikali haikuwahi kuwa na nia fulani. Kimepigwa chapa kwa jalada la ngozi, na ishara zote arobaini zimo. Kila mwaka walinzi wale wale huletwa, bunduki hupakiwa upya, nami hukatazwa kuzikagua. Kila mwaka sentensi husemwa, nami sibonyezi, na saa tatu baadaye mdogo wangu huinama. Ni mimi pekee ninayejua kwamba sherehe hii yote imesimama juu ya kidole kisichoshuka.

Tumsifu bado haamini. Kila mwaka, jioni ya kuamkia sherehe, huja kunibembeleza. "Dada, safari hii bonyeza. Maneno yangu mawili nitayasema lini?"

Sasa huu ni mwaka wa saba, na tangu Jumapili nina malaria. Nimeandika haya yote kitandani, nyuma ya orodha za maleba, kwa herufi ambazo najua hazisomeki vizuri, mniwie radhi. Nilidhani ningeamka. Leo asubuhi nilisimama, miguu ikanikataa.

Saa mbili alikuja msimamizi wa akiba, Bi. Rehani, binti mwenye adabu, wa kwanza darasani kwake. Alipiga goti kunisalimu.

"Shikamoo, mama. Pole. Nimekuja kuchukua funguo za kibanda."

"Marahaba. Rehani, nisikilize. Ukifika thelathini, usibonyeze. Ruka. Nenda arobaini."

Alitabasamu, akanigusa paji la uso. "Homa imekupanda, mama. Usiwe na wasiwasi. Kitabu nimekisoma mara nne, sitaruka hata ishara moja."

Nilimshika mkono, nikamweleza kuhusu basi la kurudi, kuhusu shati moja. Alinisikiliza kwa heshima, kisha akaondoa vidole vyangu kimoja kimoja, akanifunika shuka. Alipotoka alinifungia mlango kwa nje ili nipumzike.

Ni saa tatu na nusu. Karatasi hizi nazipitisha chini ya mlango, na wewe unayeziokota sikujui. Kutoka hapa kwangu hadi uwanjani ni mwendo wa dakika kumi na tano ukikimbia. Usimtafute Rehani, hatakusikia. Usimtafute Tumsifu, atacheka. Ingia katikati ya watu, na mara Mlezi atakapotaja mtutu, piga makofi. Piga kwa nguvu, hata ukiwa peke yako, hata wakikugeukia wote. Watu wale wamefundishwa kwamba makofi ndiyo mwisho, wakiyasikia watayafuata, na walinzi wataweka bunduki mgongoni, wainame. Usingoje taa ya kijani. Nakuomba, ndugu yangu, usingoje.